Maswali na Majibu: Terminali Inajuaje Kwamba Faili Hili Ni Skripti?

Katika toleo hili tumezikusanya pamoja barua zinazogusa jambo moja, nalo ni namna zana za mstari wa amri zinavyokisia aina ya faili, hasa faili la skripti, yaani programu iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida. Baadhi ya barua tumezifupisha, lakini hoja za waandishi wake hatukuzigusa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mafaili mawili katika saraka moja. La kwanza linaitwa `ripoti.py`, na amri ya `file` inaniambia kwamba ni `ASCII text`, basi. La pili linaitwa `safisha`, halina kiendelezi chochote, lakini amri hiyo hiyo inasema ni `Python script, ASCII text executable`. Yote mawili niliyaandika mwenyewe kwa Python. Je, amri hii haioni jina la faili? Na kama haioni, lugha inaijuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, amri ya `file` inalijua jina kwa sababu wewe ndiye uliyeitajia, ila hailihesabu kuwa ushahidi. Katika mifumo ya jamii ya Unix mtu yeyote anaweza kulibadilisha jina la faili kwa amri ya `mv` bila kugusa hata baiti moja ya yaliyomo, ndiyo maana waliobuni zana hii walichagua kusoma yaliyomo. Amri yenyewe ni ya siku nyingi: ukurasa wake wa mwongozo katika toleo la nne la Unix ya watafiti una tarehe ya Novemba 1973. Ile tuliyo nayo wengi wetu leo, katika Linux, katika jamii ya BSD na katika macOS, inatokana na programu huria iliyoandikwa na Ian Darwin katika miaka ya 1980, na ambayo kwa muda mrefu sasa inatunzwa na Christos Zoulas.

Mwongozo wake unaeleza kwamba uchunguzi huenda kwa hatua tatu, na hatua ya kwanza itakayopata jibu ndiyo inayosikilizwa. Kwanza zana huuliza mfumo wa mafaili: je, hii ni saraka, ni kiungo, ni kifaa, au ni faili tupu lisilo na baiti yoyote? Pili, huzilinganisha baiti za faili na orodha ndefu ya ruwaza iliyohifadhiwa nje ya programu yenyewe. Tatu, ikiwa faili ni la maandishi, huangalia usimbaji wake, kama ni ASCII, UTF-8, UTF-16 au mwingine, kisha hutafuta maneno yanayoelekea kuwa ya lugha fulani. Mwongozo wenyewe unakiri kwamba hatua hii ya mwisho haitegemeki kama mbili zilizotangulia, na ndiyo sababu imewekwa nyuma.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Mafaili mengi huanza na baiti za utambulisho ambazo waliobuni aina hiyo ya faili walizichagua makusudi: hati ya PDF huanza na herufi `%PDF-`, faili lililobanwa kwa gzip huanza na baiti `1F 8B`, na programu iliyokusanywa kwa ajili ya Linux huanza na baiti `7F` ikifuatwa na herufi `ELF`. Skripti nayo ina utambulisho wake, yaani alama mbili `#!`, ambazo katika baiti ni `23 21`, zikifuatwa na njia ya mkalimani, yaani programu itakayoisoma na kuitekeleza. Bila shaka faili lako la `safisha` linaanza na mstari kama `#!/usr/bin/env python3`. Zana imeusoma mstari huo, imeukuta katika orodha yake, na imekujibu.

Zingatia basi kwamba zana haikuelewa Python hata kidogo. Ungeandika mstari huo huo wa kwanza na chini yake ukaweka shairi la beti kumi, jibu lingebaki lile lile. Na ikiwa njia iliyotajwa haimo katika orodha, tuseme `#!/opt/zana/kokotoa`, zana itakurudishia ulichoandika, ikisema kwamba ni `a /opt/zana/kokotoa script`.

Faili la `ripoti.py` halina mstari huo, kwa hiyo zana imebaki na dalili hafifu. Orodha ya ruwaza inayo baadhi ya dalili za Python, kwa mfano mstari unaoanza na `def` na kufuatwa na jina, mabano na nukta mbili, au mstari wa `from` wenye neno `import` ndani yake. Faili lenye maelezo machache mwanzoni, kisha thamani kadhaa zinazowekwa katika vigeu, kisha hesabu, halionyeshi lolote kati ya hayo, na mstari kama `jumla = 0` unaweza kuwa wa lugha nyingi tu. Kwa maoni yangu jibu la `ASCII text` hapo ni jibu la uaminifu, na ni afadhali kuliko ubashiri wa kishujaa. Ukitaka kuona dalili zote zilizolingana, si ile ya kwanza peke yake, tumia `file -k`. Na ukitaka kuiona orodha ya ruwaza pamoja na nguvu ya kila moja, tumia `file -l`, ingawa nakutahadharisha kwamba orodha hiyo ni ndefu mno kusomwa kwa mkupuo mmoja.

SWALI: Mhariri, amri ya `file` inasema skripti yangu ni `executable`. Nikiandika `./anza.sh` naambiwa `Permission denied`. Nimwamini nani?

JIBU: Waamini wote wawili, kwa kuwa wanazungumzia mambo mawili tofauti. Neno `executable` katika jibu la `file` limetoka ndani ya ruwaza: linaeleza kwamba maandishi haya ni ya aina inayokusudiwa kuendeshwa. Ruhusa ya kuendesha haimo katika yaliyomo. Imehifadhiwa na mfumo wa mafaili pembeni, na unaiona kwa `ls -l` kama herufi `x`. Andika `chmod u+x anza.sh` na mgogoro utaisha. Ikiwa bado unakataliwa, angalia kama diski au saraka hiyo imepachikwa kwa chaguo la `noexec`, ambalo huzuia kuendesha chochote kilichomo humo hata ruhusa zikiwa sawa.

Kinyume chake pia ni kweli: unaweza kuipa ruhusa ya kuendeshwa picha ya PNG, na `file` itaendelea kusema ni picha.

Maneno haya ya jibu, `text`, `executable` na `data`, yana historia ya ubishi. Mwongozo wa amri hii unawasihi wanaoongeza ruwaza zao wayahifadhi, kwa sababu watumiaji wamezoea kuona neno `text` kwenye kila faili linalosomeka, na unawanyooshea kidole watu wa Berkeley, chuo kikuu kilichotoa Unix ya BSD, kwa kubadilisha `shell commands text` kuwa `shell script`. Ni nadra kukuta lawama ya wazi namna hiyo katika ukurasa wa mwongozo.

SWALI: Skripti yangu inaanza vizuri kabisa na `#!/bin/bash`, nimeipa ruhusa, na `file` inaitambua. Hata hivyo sheli inalalamika `bad interpreter: No such file or directory`, ilhali `/bin/bash` ipo na ninaiona kwa macho yangu. Mwenzangu aliyeniandikia skripti hiyo anatumia Windows, na kwake haina tatizo.

JIBU: Ndugu msomaji, taarifa ya mwisho katika barua yako ndiyo yenye jibu. Rudia amri ya `file` na usome matokeo hadi mwisho wa mstari. Inaelekea utakuta maneno `with CRLF line terminators`. Katika Windows, kwa desturi, kila mstari huishia na baiti mbili, `0D 0A`, wakati katika Unix mstari huishia na `0A` peke yake. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaposoma mstari wa kwanza wa skripti yako huchukua kila kilichopo baada ya `#!` mpaka `0A`, na hivyo hutafuta programu ambayo jina lake linaishia na baiti `0D` isiyoonekana. Programu hiyo kweli haipo. Sheli nyingi, yaani programu zinazopokea amri unazoandika kwenye terminali, huionyesha baiti hiyo kama `^M` ndani ya ujumbe wa kosa, lakini jicho hulipita kwa urahisi. Dawa ni `dos2unix`, au `sed -i 's/\r$//' jina-la-faili` kama unatumia sed ya GNU.

Hapa ndipo tofauti kati ya `file` na kerneli inapojitokeza waziwazi, na inafaa tuikalie kidogo. Amri ya `file` inatazama sura ya faili, ikikuta `#!/bin/bash` mwanzoni inaridhika, na kile kinachofuata inakitaja kama maelezo ya ziada. Kerneli haikisii. Ina kanuni moja finyu, nayo huitekeleza bila huruma. Kanuni hiyo iliandikwa na Dennis Ritchie, ambaye aliitangaza kwa wenzake Januari 1980, baada ya toleo la saba la Unix, ili mkalimani achaguliwe na kerneli yenyewe badala ya kila sheli kubahatisha kivyake. Tangu hapo skripti imeweza kuitwa kutoka programu yoyote kana kwamba ni programu iliyokusanywa.

Ufinyu wa kanuni una matokeo yake. Katika Linux kerneli huusoma mstari huo ndani ya nafasi ndogo: ilikuwa baiti 128 kwa miaka mingi, ikaongezwa kuwa 256 katika kerneli ya 5.1 mwaka 2019. Anayeweka mkalimani wake ndani ya saraka iliyozama ngazi kumi chini anaweza kuugonga ukuta huo. Vilevile, kila kinachofuata njia ya mkalimani hupelekwa kama hoja moja tu, hata kiwe na nafasi ndani yake. Kwa sababu hiyo `#!/usr/bin/env python3 -u` huishia kutafuta programu yenye jina `python3 -u`, nafasi ikiwemo. Chaguo la `-S` la amri ya `env`, ambalo liliingia katika zana za GNU mwaka 2018, huikata hoja hiyo vipande na kuondoa tatizo.

Kuna mgeni mwingine asiyeonekana, naye ni alama ya mpangilio wa baiti, `EF BB BF`, ambayo baadhi ya vihariri huiweka mwanzoni mwa faili la UTF-8. Kwa binadamu faili linaanza na `#!`, kwa kerneli linaanza na `EF`, kwa hiyo si skripti inayoijua. `file` itakudokeza kwa maneno `with BOM`. Lihifadhi upya bila alama hiyo.

SWALI: Nina skripti isiyo na mstari wa `#!` hata kidogo. Nikiiita kwenye terminali inafanya kazi bila shida. Nikiiita kutoka ndani ya programu yangu ya Python napata `Exec format error`. Faili ni lile lile na ruhusa ni zile zile. Nini kinabadilika?

JIBU: Kinachobadilika ni nani anayeshughulikia kukataa kwa kerneli. Katika hali zote mbili kerneli imelisoma faili, haikuona utambulisho wowote inaoujua, na imerudisha kosa ambalo waprogramu huliita `ENOEXEC`. Sheli ikilipata kosa hilo haikati tamaa: huchukulia kwamba faili ni skripti ya sheli na huisoma yenyewe. Bash huchungulia kwanza mwanzo wa faili, na ikiona dalili za baineri, yaani baiti zisizo maandishi, hukataa kwa ujumbe `cannot execute binary file`. Moduli ya `subprocess` ya Python haina ukarimu huo. Hukupa kosa kama ilivyolipokea, yaani kosa namba 8, na kukuachia wewe uamuzi.

Desturi hii ya sheli ni mabaki ya zama za kabla ya 1980. Wakati huo sheli ya C ilikuwa na mbinu yake: faili likianza na alama ya `#` lilihesabiwa kuwa skripti ya sheli ya C, la sivyo lilipelekwa kwa sheli ya Bourne. Baiti moja tu iliamua hatima ya programu nzima.

Ukarimu wa sheli una hatari zake, na wanaojifunza Python hukutana nao mapema. Faili la Python lisilo na mstari wa kwanza, likiitwa moja kwa moja kwenye terminali, husomwa na sheli kana kwamba ni amri za sheli. Mstari wa `import os` huwa basi ni amri iitwayo `import` yenye hoja `os`. Ikiwa kompyuta ina ImageMagick, ambayo ni zana ya kushughulikia picha, amri ya `import` ipo kweli, na kazi yake ni kupiga picha ya skrini: kiashiria cha kipanya hugeuka msalaba, terminali hutulia kimya kana kwamba imeganda, na ukibofya mahali popote faili jipya liitwalo `os` huzaliwa katika saraka yako. Ukikuta mafaili yenye majina kama `os` na `sys` ambayo hukumbuki kuyaunda, sasa unajua asili yake.

Andika mstari wa kwanza. Ni herufi chache, na baada ya hapo hakuna anayehitaji kubahatisha.

SWALI: Kihariri changu kinalipaka faili rangi za Perl, `file` inasema ni maandishi tu, na zana ya kutafuta inaliruka kabisa nikiiambia itafute katika mafaili ya Python pekee. Kwa nini zana hizi hazikubaliani?

JIBU: Kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Kihariri kinataka kujua rangi gani zitakusaidia kusoma, na kikikosea hasara ni ndogo, kwa hiyo kinaweza kuanza na ushahidi ulio rahisi kuupata, yaani jina. Vim, kwa mfano, hutazama jina na kiendelezi kwanza, na pale tu jina linaposhindwa kutoa jibu ndipo husoma mstari wa kwanza. Kiendelezi cha `.pl` hutumiwa na Perl na pia na Prolog. Kihariri kikichagua Perl kimefuata wingi, si ukweli wa faili lako. Emacs nayo ina majedwali ya viendelezi na ya wakalimani, lakini huheshimu zaidi tamko utakaloliandika mwenyewe ndani ya faili.

Zana ya kutafuta iitwayo ripgrep huamua aina kwa jina peke yake. Ukiandika `rg -t py`, skripti yako ya Python isiyo na kiendelezi haitaguswa, hata kama mstari wake wa kwanza unamtaja mkalimani wa Python bayana. Si hitilafu, kufungua kila faili ili kusoma mstari wa kwanza kungeipunguzia kasi zana ambayo sifa yake kubwa ni kasi. Rangi za `ls` vilevile hutokana na kiendelezi na ruhusa, kamwe si yaliyomo, ndiyo maana faili la maandishi lililobatizwa `picha.png` hung'aa kama picha nyingine yoyote.

ShellCheck, inayokagua skripti za sheli, haiwezi kufanya kazi bila kujua ni sheli ipi, kwa kuwa kinachokubalika katika bash kinaweza kuwa kosa katika sheli ya kawaida. Isipopata mstari wa kwanza wala dalili nyingine hukuonya kwa msimbo SC2148. Unaweza kuijibu kwa maelezo `# shellcheck shell=bash` mwanzoni mwa faili, jambo linalofaa hasa kwa mafaili yasiyoendeshwa peke yake bali huingizwa ndani ya skripti nyingine, ambayo hayana haja ya `#!`.

Kwa kihariri, tamko linalolingana na hilo ni mstari kama `# vim: set ft=python:` karibu na mwanzo au mwisho wa faili, au `-*- mode: python -*-` kwa Emacs, katika mstari wa kwanza, ama wa pili ikiwa wa kwanza umeshikwa na `#!`. Usishangae kama tamko la Vim halifanyi kazi kwenye kompyuta ya mwenzako. Baadhi ya mifumo hulizima kwa chaguo-msingi, na tahadhari hiyo ina msingi wake: mwaka 2019 iligunduliwa hitilafu katika Vim iliyowezesha mstari wa aina hiyo kuendesha amri za mshambuliaji pindi faili linapofunguliwa tu.

SWALI: Natafuta neno katika skripti kwa `grep`, naambiwa faili ni la baineri. Ni maandishi matupu!

JIBU: Kwa macho yako, ndiyo. `grep` ya GNU hulihesabu faili kuwa la baineri ikikuta baiti ya sifuri, au baiti zisizo halali katika usimbaji wa mazingira yako. Herufi moja yenye alama ya juu iliyohifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Latin-1, ndani ya mazingira ya UTF-8, inatosha. Tumia `grep -a` kuilazimisha ilione kuwa maandishi, kisha uligeuze faili kwa `iconv`. Git, zana ya kutunza matoleo ya mafaili, ina kipimo chake cha peke yake: hutafuta baiti ya sifuri katika baiti 8000 za mwanzo, na kwa hiyo skripti iliyohifadhiwa kwa UTF-16, ambamo kila herufi ya kawaida hubeba sifuri ubavuni, huonekana kwake kama baineri na tofauti zake hazionyeshwi.

SWALI: Ninaandika programu inayopokea mafaili kutoka kwa watumiaji. Nimepanga kuita `file --mime-type`, ambayo hutaja aina ya faili kwa jina sanifu kama `text/plain`, na kukataa kila kilicho skripti. Je, hilo linatosha kwa usalama?

JIBU: Halitoshi, ndugu msomaji, na ningependa kukueleza kwa mapana kidogo.

Orodha ya ruwaza imeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na ruwaza moja iliyolegea inaweza kuharibu jibu la faili lisilohusiana nayo kabisa. Mfano mashuhuri ni wa watumiaji wa Ubuntu ambao OpenOffice.org ilikataa kuwachapishia hati siku za Jumanne. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafaili ya PostScript, yanayopelekwa kuchapishwa, hubeba tarehe ya kuundwa, na siku hiyo tarehe ilianza na `Tue`. Katika orodha ya `file` kulikuwa na ruwaza ya faili la lugha ya Erlang iliyopaswa kulinganisha tarehe nzima ya mwaka 1991, lakini nafasi kati ya maneno hazikuandikwa kwa namna ambayo zana inazitambua kuwa sehemu ya ruwaza, kwa hiyo kilicholinganishwa kilikuwa `Tue` peke yake. Hati za Jumanne zikaitwa mafaili ya Erlang, na mfumo wa uchapishaji, ulioliamini jibu hilo, ukaziacha. Hapo hakukuwa na mshambuliaji yeyote. Ilikuwa nafasi tu katika mstari mmoja.

Hata ruwaza ikiwa sahihi, utambulisho wenyewe unaweza kugongana. Faili la darasa la Java huanza na baiti `CA FE BA BE`, na programu ya macOS iliyobeba msimbo wa vichakataji zaidi ya kimoja huanza na baiti zile zile. `file` huzitenganisha kwa kutazama namba inayofuata: kwa Java hapo kuna toleo, ambalo halipungui makumi, na kwa macOS kuna idadi ya vichakataji, ambayo ni ndogo. Ni ujanja mzuri, lakini ni ujanja.

Sasa mfikirie mtu anayekusudia kukudanganya. Anaweza kuandika skripti ya sheli isiyo na `#!`, yenye maneno ambayo hayamo katika ruwaza yoyote, nawe ukaambiwa `text/plain`. Anaweza kuanza faili na baiti za aina moja na kumalizia na yaliyomo ya aina nyingine, kwa kuwa wapo wasomaji wa mafaili wasiojali mwanzo. ZIP, kwa mfano, husomwa kuanzia orodha iliyo mwishoni mwa faili. Isitoshe, jina la aina hubadilika kati ya matoleo: kwa skripti ya Python matoleo ya zamani ya `file` hujibu `text/x-python` na mapya `text/x-script.python`, kwa hiyo programu yako inayolinganisha neno kwa neno inaweza kuacha kukataa siku utakaposasisha mfumo, bila ujumbe wowote wa kosa.

Zipo zana mpya zinazokisia kwa njia nyingine. Magika, ambayo Google iliitoa kama programu huria Februari 2024, haitumii ruwaza zilizoandikwa kwa mkono bali modeli iliyofunzwa kwa mifano mingi ya mafaili, na hasa kwa maandishi ya lugha za uprogramu ambayo hayana baiti za utambulisho ina nafasi ya kufanya vizuri kuliko orodha ya maneno. Ningeijaribu kwa kupanga na kuchuja mafaili. Nisingeipa ufunguo wa mlango, kwa sababu nayo inakisia.

Kinachokulinda ni jinsi unavyolihifadhi faili na unachokubali kulifanyia. Liweke katika saraka iliyopachikwa kwa `noexec`, nje ya njia ambazo seva ya wavuti huendesha msimbo. Lipe jina unalolitunga wewe, si lile alilolileta mtumiaji. Ondoa ruhusa ya kuendesha. Na usilipitishe kwa sheli kwa namna yoyote. Ikiwa unapokea aina moja tu, tuseme picha, lifungue kwa maktaba ya picha na ulihifadhi upya, ili kinachobaki kwenye diski kiwe kimeandikwa na programu yako. Jibu la `file` litakufaa kwa kumwonyesha mtumiaji mwema kwamba amechagua faili lisilo sahihi, na kama una aina yako mwenyewe ya faili unaweza kuifundisha zana kuitambua kwa mstari mmoja wenye sehemu nne: mahali pa kuanzia, aina ya ulinganisho, kinachotafutwa na ujumbe wa kuonyesha, kwa mfano `0 string #GHALA-1 Skripti ya ghala`. Uhifadhi katika faili lake, uukague kwa `file -c -m`, kisha uutumie kwa `file -m`, ukikumbuka kwamba chaguo hilo huweka orodha yako mahali pa ile ya mfumo isipokuwa umezitaja zote mbili na kuzitenganisha kwa nukta mbili.